Mama alikuwa anavaa ndala kabla ya kufungua friji

Mwaka jana nilirudi kukaa na mama kwenye nyumba aliyojenga marehemu babu, na wiki ya kwanza tu nikaona kitu ambacho nilivyokuwa mdogo sikuwahi kukijali, kwamba kila akitaka kufungua friji lazima kwanza aingize miguu kwenye ndala zilizowekwa pale pale mbele ya mlango wa friji, hata kama ametoka sebuleni yuko peku. Nikamuuliza mama hizi ndala za nini, akanijibu kama anaongelea kitu cha kawaida kabisa, "Mwanangu hiyo friji inatekenya, ukiishika peku inakutekenya mkono, ukivaa ndala inaacha." Nikauliza tangu lini. Akasema tangu ile ya zamani, maana hii ni friji ya pili na ya kwanza nayo ilikuwa inatekenya, hivo yeye alishajua ndo tabia ya mafriji.

Nilinyamaza kwa muda. Friji mbili tofauti, zimenunuliwa miaka tofauti, zote zina ugonjwa mmoja. Basi ugonjwa hauko kwenye friji, uko ukutani.

Naandika hii kwa sababu najua tuko wengi tunaoishi kwenye nyumba za wazee wetu na kila nyumba ina ndala zake. Kuna nyumba swichi ya bafuni inawashwa kwa kijiti. Kuna nyumba soketi moja "haipendi pasi". Watu wanazoea, wanafundishana, wageni wanaonywa wakifika, na maisha yanaendelea, alafu siku moja anakuja mtoto ambaye hajaonywa.

Kule kutekenywa maana yake umeme umefika kwenye chuma cha nje cha friji na unatafuta njia ya kwenda ardhini na njia yenyewe ni wewe. Nyumba iliyo sawa ina waya wa ethi, ule wa kijani au wa kijani na njano, unatoka kwenye chuma cha kifaa unapita kwenye plagi na soketi mpaka kwenye bodi kuu (lile boksi la fyuzi au breka) alafu unaingia ardhini, kazi yake ni kuuchukua huo umeme uliopotea njia kabla haujakufikia. Sasa shida ya huu waya ni kwamba siku za kawaida hauna kazi unayoiona. Laivu (waya unaoleta umeme) ikikatika taa inazima, nyutro (waya unaourudisha) ikikatika taa inazima, utamwita fundi siku hiyo hiyo. Ethi ikikatika hakuna kinachozima, friji inagandisha, pasi inapata moto, TV inaonyesha, unaweza kukaa miaka 20 bila ethi na usijue chochote zaidi ya kutekenywa. Hata ile testa ya bisibisi haikusaidii hapo, ikiwaka inakuambia laivu ipo basi, habari za ethi haizijui.

Fundi wa kwanza niliyemwita alikaa kama dakika 10. Akafungua boksi la fyuzi, akaona zile fyuzi za porcelain za zamani za kufunga waya, moja imefungwa waya wa shaba uliosokotwa mara tatu (sijui nani alifunga, inaonekana fyuzi ilikuwa inakatika akachoka), akasema dawa ni kung'oa hili boksi kuweka la breka (swichi zinazojizima zenyewe umeme ukizidi), na soketi zote tupige breka za ampea 32 ili zisiwe zinakatika katika. Nikamuuliza utapima ethi? Akasema, "Bosi, taa si zinawaka?"

Hilo swali ndo limenifanya niandike. Ndiyo, taa zinawaka. Zilikuwa zinawaka miaka yote ambayo mama anavaa ndala.

Alafu hizo breka za 32. Nilikuwa sijui sana umeme lakini nilisoma kidogo usiku ule na nikashukuru sikumruhusu. Breka inawekwa kwa kufuata waya uliopo ukutani, haifuati vitu unavyotaka kuchomeka. Kwa kawaida waya wa milimita 1.5 mraba ni wa taa na breka yake ni ya 6 au 10, wa 2.5 ni wa soketi na breka ya 16 au 20 kutegemea umepitaje, jiko la umeme linataka waya wa 6 na kuendelea. Soketi zetu nyingi zilikuwa zimevutwa 1.5. Sasa breka ya 32 kwa utaratibu wa viwango ilivyotengenezwa, ukipitisha ampea 36 haitakiwi kukata hata baada ya saa nzima, na ukipitisha kama 46 ina ruhusa ya kuchukua mpaka saa nzima ndo ikate. Waya wa 1.5 uliozikwa ndani ya ukuta uwezo wake salama ni kama nusu tu ya hizo 36. Yaani breka imekaa pale mpya inang'aa na waya unaiva taratibu ndani ya plasta, na joto la waya linapanda kwa mraba wa ampea, ukizidisha mzigo mara mbili joto linakuwa mara nne. Kile kisokoto cha shaba kwenye fyuzi kilikuwa kinafanya kosa hilo hilo. Fyuzi inayokatika kila mara ilikuwa inaongea ukweli na mtu akaiziba mdomo.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima kidogo, akaingia akamwamkia mama, akaomba maji, akakaa akaanza kuuliza maswali. Nyumba ilijengwa lini, nani aliongeza hiki chumba cha nyuma, mabomba ya maji yamewahi kubadilishwa? Mimi nikawaza mabomba yanahusiana nini na umeme. Mama akamwambia ndiyo baba, yale ya chuma yalishika kutu tukaweka ya plastiki, zamani sana. Fundi akatikisa kichwa akaenda nyuma ya nyumba, akafukua kidogo karibu na ukuta, akatuita tuone. Kulikuwa na kipande cha bomba la chuma, urefu kama wa mkono, kimefungwa klipsi na waya wa ethi wa nyumba nzima umekazwa pale. Zamani ilikuwa kawaida kutumia bomba la maji kama ethi, kwa sababu bomba la chuma linatembea mbali ardhini na linagusa udongo kila mahali. Sasa fundi bomba alipokuja na plastiki yake alifanya kazi nzuri tu ya maji, maji yalitoka, na siku ile ile nyumba ikapoteza ethi na hakuna aliyejua. Plastiki haipitishi umeme. Ule waya ulikuwa umeshika kipande cha chuma kisichoenda popote.

Kwa hiyo kama mmewahi kubadilisha mabomba kwenye nyumba ya zamani, hilo ndo swali la kwanza la kumuuliza fundi umeme. La kwanza kabisa.

Nikadhani basi dawa ni kuchimbia ardhini fimbo ya chuma ya ethi tumemaliza. Akachimbia, akapima, ikasoma kama omu 40 (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani njia inauzuia umeme kiasi gani), akaniuliza wewe si umesoma hesabu, gawa 230 kwa 40. Inakuja chini kidogo ya ampea 6. Akasema haya, laivu ikigusa chuma cha friji sasa hivi zitapita ampea 6 kwenda ardhini, breka ya soketi ni ya 16, itakata? Haikati. Itaona kama vile umewasha tu kitu kingine, na chuma cha friji kitaendelea kukaa na umeme. Hapo ndo nilielewa kwamba ethi ya fimbo peke yake haitoshi, inahitaji mwenzake ambaye ni RCD.

RCD ni kile kifaa kwenye bodi chenye kitufe kimeandikwa T. Kinafanya kitu kimoja tu, kinalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro. Vikiwa sawa kinatulia. Ukikosekana kidogo, maana yake kuna mahali unavuja, labda kwenye chuma, labda kwa mtu, na kile cha nyumbani kinatakiwa kukata upotevu ukifika miliampea 30, tena ndani ya sehemu 3 za 10 za sekunde, na upotevu ukiwa mkubwa zaidi kinakata haraka zaidi. Miliampea 30 ni kidogo mno, balbu ndogo tu inakula zaidi ya hapo, na breka ya kawaida haiwezi hata kuihisi. Kuna profesa mmoja, Charles Dalziel, wa chuo kikuu cha California pale Berkeley, alitumia miaka mingi kupima watu waliojitolea aone ni umeme kiasi gani unamfanya mtu ashindwe kuachia alichoshika, kwa wanaume wastani ukaja kama miliampea 16 na kwa wanawake kama 10 na nusu, na mwaka 1961 akaja na kifaa cha kukata umeme kabla haujaua. Kwao Marekani hicho kifaa kinakata kwenye miliampea 5 hivi. Huwa nawaza wale watu waliokubali kushika waya ili sisi tujue hizo namba. Maana ukishapita hapo misuli inakaza, mkono unajifunga wenyewe kwenye kile kitu, na kuanzia miliampea 50 hivi ukipita kifuani zaidi ya sekunde moja moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mama yangu alikuwa anatekenywa. Kati ya kutekenywa na kushindwa kuachia hakuna umbali mkubwa, ni sakafu kuwa na maji tu.

Na niseme hili kwa sababu watu wakishaweka RCD wanajiona wamemaliza: ukishika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono wa pili RCD haikuoni, kwake wewe ni balbu. Kuheshimu umeme kunabaki pale pale.

Haya, bodi mpya ikafungwa, fundi akawasha, RCD ikakata. Akawasha tena, ikakata. Hapa ndo kwenye mtihani wa nyumba nyingi, na nimeshasikia mahali wanaambiwa RCD mbovu, itoeni au iungeni pembeni umeme usipite kwake. Jamani msikubali. RCD mpya ikigoma kwenye nyumba ya zamani mara nyingi imekuta kitu kilichokuwepo siku zote. Yetu ilikuta vitu viwili. Kwanza taa ya korido, mtu zamani aliongeza swichi ya pili akachukua laivu kwenye sakiti moja (sakiti ni kundi la nyaya lenye breka yake) na nyutro akaiazima kwenye sakiti nyingine kwa sababu ilikuwa karibu. Taa inawaka vizuri. Lakini umeme unatoka upande huu na kurudi upande ule, na kama sakiti hizo mbili haziko chini ya RCD moja hesabu yake haiwezi kutimia, na kibaya zaidi fundi anaweza kuzima sakiti anayoifanyia kazi, akafungua ile nyutro akijua haina kitu, kumbe imebeba umeme wa taa ya sakiti nyingine.

Cha pili kilikuwa nyaya zenyewe. Fundi aliposhusha swichi ya jikoni nilisogea nione, waya ulikuwa na ngozi ya mpira, siyo hii plastiki tuliyoizoea, na alipoukunja kidogo tu ule mpira ukamegeka ukadondoka kama maganda ya mti mkavu, shaba ikabaki uchi. Nyaya za mpira ndo zilikuwa za kawaida kabla ya hizi za PVC kuenea miaka ya 1950 na 1960, na mpira unazeeka, unakauka hasa pale penye joto, juu ya taa na nyuma ya swichi. Ukiuacha umelala hauguswi unaweza kukaa, ukiuchezea unapukutika. Kwa hiyo nyumba yenye nyaya hizo usimruhusu mtu "abadilishe swichi tu", ile kuvuta swichi nje ndo inamaliza kilichobaki. Fundi alikuwa na ile mashine ya megga, inasukuma volti 500 kwenye waya umeme ukiwa umezimwa na vifaa vimechomolewa, inapima ngozi ya waya inazuia kiasi gani. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, yaani omu milioni moja. Jikoni ilisoma chini sana ya hapo. Hakubishana na mtu, akaandika namba kwenye karatasi akaibandika ndani ya mlango wa bodi, tarehe na kila sakiti na kipimo chake. Mimi hiyo karatasi naiona ya thamani kuliko bodi yenyewe, maana fundi atakayekuja baada ya miaka 10 hataanza kwa kubahatisha.

Soketi ya pasi sasa. Mama alishasema ile soketi "ina harufu ya samaki ukipiga pasi muda mrefu", na sisi tukawa tunafikiri ni harufu ya jikoni. Kumbe plastiki za swichi na soketi zikipata joto sana baadhi yake zinatoa harufu hiyo hiyo ya samaki. Ukisikia samaki na hakuna samaki, zima meni swichi kwanza ndo utafute. Tulipofungua skrubu moja ilikuwa imelegea, waya umekuwa mweusi na plastiki imeanza kuyeyuka. Fundi akanipigia hesabu tena, pasi ya wati 2000 inavuta karibu ampea 9, muungano uliolegea ukiwa na ukinzani wa omu 0.2 tu unatengeneza wati 15 hivi za joto pale kwenye skrubu, hilo ni joto la solda ya kuyeyushia risasi, umeiwasha na kuizika ndani ya ukuta wako. Na breka haitasema kitu, fyuzi haitasema kitu, RCD haitasema kitu, kwa sababu umeme unaopita ni ule ule wa kawaida wa pasi. Hiki ndo kitu kinaniogopesha kuliko vyote kwenye nyumba za zamani. Hakuna kifaa kwenye bodi yetu kinachokiona, kinaonekana kwa pua na kwa kiganja. Kwa hiyo ukimaliza kupiga pasi chomoa, gusa plagi. Vuguvugu kidogo sawa. Ikiwa ya moto, usiitumie tena hiyo soketi mpaka ifunguliwe.

Rangi nazo zilitusumbua. Nyumba za zamani kwenye nchi nyingi zimefungwa nyekundu laivu, nyeusi nyutro. Utaratibu mpya ni kahawia laivu, bluu nyutro, na nyeusi kwenye mfumo wa fezi tatu (unaoleta waya laivu tatu) ni mojawapo ya fezi, yaani ni laivu. Marekani nyeusi ndo laivu na nyeupe nyutro. Chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye na fundi mwingine, hivo kwetu ukutani kuna nyeusi ya nyutro na mita chache mbele kuna nyeusi yenye umeme. Usiamini rangi, amini kipimo. Na kwenye chumba kimoja tulikuta swichi imekata nyutro badala ya laivu, ukizima taa inazima kweli lakini holda inabaki na umeme, na mama miaka yote anabadilisha balbu pale amesimama juu ya kiti cha chuma. Ndo maana sasa tukibadilisha balbu tunashusha breka, hatuzimi swichi tu.

Hatukuweza kufanya nyumba nzima kwa mpigo, na sidhani kama wengi wanaweza. Tulianza na kupima, alafu ethi na bodi yenye RCD, alafu jikoni na bafuni kwa sababu ndo penye maji, heta ya maji ikapata waya wake peke yake kutoka kwenye bodi. Soketi za vyumbani zikafuata, na tukaongeza idadi, maana nyumba ya babu ilikuwa na soketi moja kila chumba, enzi zile mtu alikuwa na redio basi, sasa hivi soketi moja ina ekstensheni juu ya ekstensheni chini ya zulia, na waya wa ekstensheni ukiwa umeviringishwa au umefunikwa joto lake halina pa kutokea. Kengele za moshi tumeweka mbili. Kupaka rangi tulisogeza mwisho kabisa, hilo mama hakulipenda lakini alielewa, hakuna maana ya kupaka ukuta utakaochimbwa mwezi ujao.

Kile kitufe cha T kwenye RCD mama anakibonyeza mwenyewe. Maelekezo ya kifaa chenyewe yanasema kibonyezwe mara kwa mara kwa sababu ndani kuna vyuma vinavyotembea na vikikaa bila kutembea vinaweza kung'ang'ania. Anafanya kila tarehe mosi, anazima kompyuta yangu bila kuniambia, nyumba inakuwa kimya, alafu nasikia klaki anarudisha. Akibonyeza na isikate, tumekubaliana ananiita na tunamwita fundi siku hiyo hiyo.

Kilichobaki ni chumba cha nyuma, nyaya zake bado hazijabadilishwa. Breka yake imeshushwa na fundi ameifunga kwa tepu na kuandika USIWASHE kwa maandishi makubwa, usiku tukihitaji kitu kule tunaenda na tochi. Ndala bado ziko mbele ya friji, mama anasema mguu wake umezoea.